Anzieni mlangoni

Mwaka wa kwanza chuoni, somo la historia ya sanaa tulilisomea gizani. Projekta ilikuwa na taa iliyochoka, kwa hiyo kila kilichomulikwa ukutani kilitoka na rangi ya chai ya maziwa: hekalu la Parthenon, dari ya Michelangelo, hata alizeti za Van Gogh. Tulikariri jina, mwaka na mtindo. Kwenye mtihani unaoneshwa picha, unaandika vitu hivyo vitatu, unachukua alama zako. Nilipata A, na muhula mzima sikuwa nimetazama kitu hata kimoja.

Afrika ilikuja mwishoni, kipindi kimoja, kwa jina la "sanaa ya jadi". Haina mwaka, haina msanii, ina kabila tu. Kinyago kimoja, ngoma moja, tukafunga madaftari.

Likizo ile nilikwenda Unguja kwa mjomba wangu, fundi seremala wa nakshi. Akaniuliza nasoma nini, nikamwambia. Akanichukua hadi kwenye mlango mmoja Mji Mkongwe, akasema, "Haya, nisomee huu."

Nikaanza kwa kujiamini. Mnyororo maana yake ulinzi, samaki ni uzazi, mtende ni neema, njumu za shaba, zile misumari minene iliyochomoza, ni za kuzuia tembo. Mjomba akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani kakwambia?"

Nilikuwa nimeyasikia kwa waongoza watalii.

Akanionesha kwanza kizingiti cha juu, kilichonyooka. Huo ndio mtindo wa zamani. Ile milango yenye upinde juu na maua yaliyosongamana ilishamiri baadaye, karne ya 19 ikielekea ukingoni, na mkono wa mafundi wa Kihindi umo ndani yake. Halafu akapitisha kidole kwenye mwimo, ule mti wa pembeni mwa mlango, kutoka juu kushuka. Magamba ya samaki huko juu yalikuwa yamebanana, patasi imezama sawasawa. Karibu na magoti yangu yakaanza kutanuka, nakshi ikawa ya juujuu. "Huku fundi mwenyewe," akasema. "Huku chini kamwachia kijana."

Mlango usio na jina la mtu, na tayari tulikuwa na watu wawili.

Tangu siku hiyo nimegombana na mtaala. Michelangelo asomwe, sina ugomvi naye. Ninachokataa ni kumfundisha mwanafunzi kwamba pasipo jina hapana historia. Hata hilo la "haina mwaka" si kweli: baadhi ya milango imechongwa aya na mwaka wa Hijria pale pale kwenye kizingiti, ila sisi wasomi ndio hatujui kuusoma. Ningekuwa mkuu wa idara, hati ya Kiarabu ingekuwa somo la lazima kabla ya Kifaransa. (Ndiyo maana hawanifanyi mkuu wa idara.)

Na hata jina likiwepo hatulishiki. Mchoraji Sam Ntiro, mtu wa Machame, alisoma Makerere kisha London, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko kwenye Museum of Modern Art, New York. Mimi niliiona kwenye simu, nikiwa nimeshamaliza shahada. Mhakiki wa mbali atazungumzia rangi na usahili wa maumbo, naye ana haki yake. Lakini mwanafunzi aliyekulia Kilimanjaro anajua kwamba hiyo ni mbege, na kwamba kwa Wachaga mbege haikosekani kwenye mambo ya mahari. Atauliza nani anabeba, kwa niaba ya nani. Swali hilo halipatikani kwa kukariri mtindo.

Kuhusu kazi anayoweza kuipata aliyesoma historia ya sanaa, maana najua mtauliza: Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo la namna ile huwezi kulirudisha kwa mhandisi na saruji peke yake. Lazima awepo mtu anayejua nakshi ipi ni ya lini na ipi ilipachikwa juzi. Mtu huyo alipwe nini ni ugomvi mwingine, nao pia niko tayari.

Mjomba sasa macho yamepungua nguvu, lakini kila nikivuka bahari ananiuliza yule kijana wa chini aliishia kunakshi mlango gani wake mwenyewe. Naitafuta Mji Mkongwe mzima: Shangani nimemaliza, Malindi nimemaliza. Mkunazini bado mitaa miwili.