Njoo Baharini, Chombo Kitangoja

Juzi kijana mmoja wa Kisauni hapa Mombasa, fundi wa kompyuta huko mjini, alinifuata dikoni, pale tunapoegesha vyombo, na swali: "Ami, mashua ndogo yenye mashine siku hizi yauzwaje?" Nikamuuliza ataiweka wapi. Akacheka, akanyoosha mkono kuonyesha maji yote ya Tudor, kana kwamba bahari nzima ni uwanja wa kuegesha magari.

Wenzangu kadhaa hapa wangemfukuza palepale. Wao wasema nafasi za kutia nanga zimekwisha, kila mgeni anayekuja anawabana waliozaliwa na maji, kwa hivyo tuache kabisa kuwaita watu. Uchungu wao naujua, ila dawa yao siikubali.

Ukitazama kutoka Nyali utadhani nafasi ni tele. Kilindini ni njia ya meli, na pale Likoni feri hazina mapumziko. Huwezi kutia nanga katikati ya njia ya watu. Nje ya mwamba, upepo wa kusi ukishika, hakukaliki. Ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, kutupa nanga juu ya matumbawe ni kuua mazalia ya samaki. Tudor nako ni tope na mikoko: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ikifika saa nne asubuhi maji yameshakupwa, na mashua uliyoiacha ikielea alfajiri unaikuta imelalia ubavu. Wenye uwezo wana marina ya English Point, ng'ambo ya Mji wa Kale. Sisi wengine twagawana visehemu vilivyobaki.

Halafu kuna hesabu ambayo mnunuzi wa mashua haambiwi. Bamvua la hapa hupandisha maji karibu mita nne. Penye kina cha mita tatu maji yakipwa, yakijaa utapima saba. Kamba ya nanga yataka iwe kama mara tano ya kina, yaani mita 35, na chombo huizunguka nanga yake kadiri upepo na mkondo unavyogeuka. Duara hilo lina upana wa mita 70, kama upana wa kiwanja cha mpira, kwa mashua moja tu! Ukitia nanga mbili, moja tezi (nyuma) na moja omo (mbele), utapunguza mzunguko, lakini jirani yako naye lazima afanye hivyo hivyo, la sivyo yeye atazunguka na kukukuta wewe umesimama. Watu wakibanana hufupisha kamba, na usiku maji yakijaa nanga huburura. Mwaka juzi mashua yangu iligongwa hivyo. Ubao wa omo ulipasuka, nikakaa wiki mbili nikikalafati, kuziba nyufa za mbao. Na aliyenigonga hakuwa mgeni, alikuwa mzee mwenzangu aliyeota mvi baharini.

Basi nani hasa anayetubana? Pita kingoni mwa mji huu uhesabu vyombo visivyotoka. Mashua za watu waliohama, za marehemu ambao warithi wao hawajaelewana, za matajiri wanaokuja Desemba kupiga picha. Zimejaa maji ya mvua, kunguru wamezifanya vyoo, na kila moja imeshikilia duara lake. Mimi naona nafasi ambayo chombo chake hakikutoka mwaka mzima irudi mikononi mwa kamati ya BMU, chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na apewe anayetoka. Najua nitachukiwa kwa hilo, na baadhi ya watakaonichukia ni jamaa zangu.

Kingine ni kuta. Njia za kuteremkia baharini, ambazo tukizipita utotoni tukiwa na madema, mitego yetu ya samaki, vichwani, nyingi zimezibwa na majengo. Wavuvi wakilalamika huonekana ni wavuvi tu, kelele zao. Mtu asiyewahi kupanda mashua hauoni ubaya wa ukuta ule. Huyu fundi wa kompyuta akishatoka mara tatu, akarudi jioni akakuta njia imefungwa, atapiga kelele nasi. Wageni nawataka kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine zote.

Lakini waje kama mabaharia kabla ya kuwa wenye vyombo. Sisi ni wanne kwenye mashua moja: nafasi moja dikoni, nyumba nne zinazochangia rangi, kamba na mashine. Watu hutupigia ule msemo wa manahodha wengi kukiendesha chombo mrama. Sawa, lakini msemo unazungumzia usukani, haukukataza kuchangia gharama. Wavuvi wetu tangu zamani hugawa mapato kwa mafungu, na chombo chenyewe kina fungu lake. Kushirikiana chombo hakukuletwa na mtu kutoka ng'ambo.

Yule kijana nimemwambia aje Jumapili. Ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, yatajaa kwenye saa nne asubuhi, hatutakuwa na haraka. Alete kofia na maji ya kunywa, jaketi la kujiokolea tunalo la ziada. Akaniuliza, "Ami, nami nitashika usukani?" Kwanza atashika ndoo. Pale mashua ilipogongwa bado pavuja kidogo.