Kilichomezwa na shimo jeusi kimepotea kweli?

Vijana wa kidato cha sita hapa Kigoma wanabishana: kitu kikitumbukia kwenye shimo jeusi, yaani mahali angani penye mvutano mkali hata mwanga hautoki, taarifa zake zinafutika kabisa? Wanaosema ndiyo waliwahi kuwa na mtetezi mkubwa.

Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking alionesha kwamba mashimo meusi hutoa mionzi hafifu, hupungua, na mwishowe huisha. Miaka miwili baadaye akaongeza kuwa mionzi hiyo haibebi alama ya kilichoingia. Shimo likiisha, taarifa nazo basi.

Wanafizikia wengi wa kwanta, yaani wa chembe ndogo kabisa, walikataa, na walikuwa na sababu. Kwa kanuni zao, ukiijua hali ya leo yote, unaweza kuikokotoa ya jana. Choma daftari: moshi, majivu, joto na mwanga wake, vikijumlishwa, bado vinabeba kila mstari ulioandikwa. Hakuna atakayeweza kuusoma, lakini upo. Hawking alikuwa anasema shimo jeusi linaufuta.

Mwaka 1997 mwanafizikia Juan Maldacena aliwapa wapinzani wa Hawking nguvu: katika aina fulani ya ulimwengu wa kinadharia, mvutano na vyote vilivyo ndani huelezeka kwa nadharia ya kwanta ya mpakani mwa ulimwengu huo, isiyopoteza taarifa. Mwaka 2004 Hawking mwenyewe akakubali kushindwa, akamlipa mwanafizikia mwenzake John Preskill dau lao, ensaiklopidia ya besiboli. Hesabu za wanafizikia za 2019 nazo zikafuata mkondo ambao mwenzao Don Page alitabiri mwaka 1993 kuwa mionzi ingeufuata iwapo taarifa zinatoka.

Naamini hazipotei. Ila wanaotangaza kwamba kesi imefungwa wanawadanganya vijana hawa. Ulimwengu wa Maldacena si huu wetu unaotanuka, na hesabu za 2019 hazituambii taarifa zinapita njia gani. Tena mwaka 2012 ilioneshwa kwamba zikitoka, huenda ukingo wa shimo ukawa ukuta wa moto, wakati kwa Einstein anayetumbukia hapaswi kuhisi chochote anapouvuka. Hoja hiyo naiona nzito mno kupuuzwa.

Kuipima mionzi hiyo nako bado. Joto la shimo lenye uzito wa Jua halifikii hata sehemu moja ya milioni kumi ya kelvini (kipimo cha joto kinachoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa), na anga lenyewe lina kelvini 2.7, kwa hiyo shimo linapokea joto zaidi kuliko linavyotoa. Lile la katikati ya galaksi yetu, linalopita juu angani usiku wa Julai wavuvi wakiwa ziwani, lina uzito wa Jua mara milioni 4, na kadiri shimo linavyokuwa zito ndivyo linavyozidi kuwa baridi.