Tanzanite ya Bangkok

Najua video mmeshaiona, ile ya mimi na jiwe dukani Bangkok. Mangi, mwenzangu wa biashara, aliituma kwenye kundi la mabroka wa mawe saa nne usiku ya Bangkok, yaani saa kumi na mbili jioni Arusha, wakati watu wote wameshafunga hesabu na wanatafuta cha kuchekea. Naamka asubuhi nakuta mama mkwe ameniandikia: "Pole baba." Mama mkwe! Basi niacheni nisimulie mwenyewe, maana Mangi amekata kipande kinachomfaa yeye.

Tulikuwa tumepeleka mzigo wa mawe kwa wanunuzi wa mtaa wa Silom, Bangkok, na tulifika siku moja kabla. Nikasema twende Kasri Kuu. Mfalme Rama wa Kwanza aliufanya mji huu makao makuu mwaka 1782, na kasri likaanza kujengwa mwaka huohuo. Sitaki kurudi Arusha niulizwe Bangkok kuna nini, nijibu "hoteli". Lenzi yangu ya mara kumi ya kukagulia mawe, ambayo haijawahi kulala nje ya mfuko wangu, nikaiacha kwenye droo. Leo mimi mtalii bwana. Shikeni hapo.

Njia tuliipata vizuri, sina aibu nayo: treni ya juu hadi Saphan Taksin, unashuka ngazi hadi gatini, unapanda boti ya bendera ya chungwa kwa baht 16, unashukia Tha Chang. Ukuta mweupe wa kasri unauona palepale, na lango la wageni liko upande wa kaskazini, barabara ya Na Phra Lan. Ni dakika tano tu za kutembea. Tuliliwa ndani ya hizo tano.

Mzee mmoja, shati limepigwa pasi, kitambulisho shingoni, akatusalimu kwa kuunganisha viganja. Tanzania anaijua, simba wengi. Halafu akasikitika: kasri limefungwa mpaka saa saba mchana, watawa wana ibada. Tena, akamwonyesha Mangi magoti, kwa kaptula hiyo hata hivyo usingeingia.

La kaptula ni kweli! Mabega na magoti lazima yafunikwe. Ndivyo wanavyofanya hawa, uongo wanaukanda na ukweli kama unga wa chapati na mafuta. Kasri hufunguliwa kila siku saa mbili na nusu asubuhi, tiketi zinauzwa mpaka saa tisa na nusu alasiri, baht 500 kwa mgeni. Yapo hata mabango ya kuonya msiwasikilize watu wa aina yake. Moja lilikuwa nyuma yetu. Nililisoma jioni, kwenye picha aliyotupiga yeye mwenyewe.

Akatuitia bajaji, wao wanaiita tuk-tuk. Baht 20 mzunguko mzima, haifiki shilingi elfu mbili. Mimi ninayegombania mia tano kutoka Kilombero hadi Sakina, palepale Arusha, sikujiuliza petroli analipa nani. (Linalipa duka. Dereva akifikisha mtalii mlangoni anapewa kuponi ya mafuta, mtalii anunue asinunue.)

Tukaanzia Wat Intharawihan, Buddha aliyesimama, mita 32, mzuri kwelikweli. Palepale tukamkuta bwana mmoja amevaa suti, amekuja kusali, akatudokeza kwamba leo ni siku ya mwisho ya punguzo la serikali kwenye mawe ya thamani. Watu wawili wasiojuana wakikwambia neno moja, unaamini. Wanajuana.

Dukani rubi na safaya zilikuwa juu, na chini kabisa ya kioo kimelala kitu cha buluu. "Tanzanite," akasema dada wa duka. "Inatoka Afrika. Adimu sana."

Mangi akawasha kamera.

"Dada," nikamwambia, "hiyo Afrika ndiyo mimi." Hapo sasa ndipo inapoanzia video yenu. Nikamweleza machimbo ya Mererani, kwamba dunia nzima jiwe hili linatoka pale tu. Nikamweleza lilivyogunduliwa mwaka 1967. Nikamweleza jiwe linavyotoka ardhini na ukahawia wake, linachomwa, ndipo linaiva buluu. Nikalibana kwa kibano, nikaligeuza chini ya taa: huku buluu, huku zambarau. "Umeona? Jiwe bandia la chupa halifanyi hivi. Chupa rangi ni moja, geuza mpaka kesho. Huwezi kumtapeli mtu wa Mererani." Wahudumu wote wakasogea. Wakapiga makofi. Nami, enyi mnaonifahamu, niliinama kidogo.

Karati sita na nusu, baht 18,000. Zaidi ya milioni moja na laki tatu za kwetu, lakini kwa jiwe la rangi ile nikaona ni bure. Maskini, hawajui walichonacho! Nilimwonea huruma yule dada. Punguzo sikuomba, nisije nikamshtua. Niliomba choo, nikaenda kuchekea huko.

Kesho yake, Silom, ofisi ndogo ghorofa ya nne. Mnunuzi ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Mzigo wetu ameupitia, ameupenda, bei imekaribia. Nami nikaegemea kiti: "Nina kingine, cha ziada."

Akakifungua kikaratasi, mkunjo kwa mkunjo. Akalibana jiwe. Akapandisha lenzi. Feni inazunguka. Akaligeuza. Akashusha lenzi akaniangalia mimi, si jiwe. Akapandisha tena. Mangi akaacha kutafuna embe. Kisha mama wa watu akanipa ile lenzi kwa mikono miwili, taratibu, kama anayekabidhi barua ya msiba. "Usiangalie juu," akasema. "Angalia kingo za nyuma, kwa kupitia ndani ya jiwe."

Nikaangalia. Kila ukingo uko miwili. Miwili, miwili, miwili, kama reli ya kwenda Moshi.

Fosteraiti ya maabara, jiwe la kutengenezwa na watu. Ukiigeuza inatoa buluu na zambarau, ndiyo maana mtihani wangu wa makofi iliufaulu. Ila inaupasua mwanga katika miali miwili, zaidi ya mara tatu ya tanzanite, ndiyo sababu kwenye lenzi kingo za nyuma zinakuwa pacha. Kwenye tanzanite mpasuko ni mdogo, pacha huwaoni. Ni kazi ya sekunde tano. Vijana wangu nawafundisha siku ya pili.

Halafu akaniuliza, kwa upole: "Umelinunua Tanzania?"

Jamani. Nikisema ndiyo, mzigo wote ulioko mezani unaanza kunuka. Nikisema siyo... Bado nameza mate, Mangi akadakia: "Hapahapa Bangkok, jana, tulipelekwa na bajaji." Mama hakucheka. Alijifunika uso kwa kitabu cha risiti, mabega yakawa yanacheka yenyewe.

Mengine mafupi. Mzigo uliuzwa. Tukapiga 1155, polisi wa watalii, tukarudi dukani na askari, nikarudishiwa baht 12,000. Yule dada alinikumbuka. Aliniita mwalimu.

Siku ya mwisho tuliingia kasrini, Mangi kavaa suruali ya matembo aliyoinunua nje ya lango. Ndani ya ukumbi wa hekalu la kasri, Wat Phra Kaew, viatu unaacha mlangoni, picha hakuna, na juu kabisa amekaa Buddha wa Zumaridi, sentimita 66 tu, mfalme mwenyewe ndiye humbadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka. Nikamnong'oneza Mangi: hilo ni jina tu, si zumaridi, ni jiwe jingine la kijani.

Hata hakugeuka. "Broka," akasema, "kuhusu mawe, naomba unyamaze."