Mekatilili hakuwa malkia

Eti Mekatilili wa Menza alikuwa "malkia wa Wagiriama", watu wa Pwani ya Kenya? Malkia wa ufalme upi? Sisi Wagiriama hatukuwa na mfalme, mambo yaliamuliwa na wazee wa kaya, yaani makao yetu matakatifu ya msituni. Huyu alikuwa mjane tu, na hapo ndipo penye uzito wake. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, watu wakamfuata hadi Kaya Fungo wakala kiapo, wanawake kiapo kiitwacho mukushekushe na wanaume kiitwacho fisi, kwamba hakuna kulipa kodi ya kibanda wala kumpa Mwingereza vijana wa kazi. Mwaka 1913 akakamatwa, akapelekwa Kisii huko, magharibi mwa Kenya. Akatoroka, akarudi Pwani kwa miguu! Agosti 1914 Mwingereza akailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mlioko Malindi, watoto wanaelezwa habari ya viapo hivyo, au wanaonyeshwa sanamu yake tu?