Risala zimetosha

Kila Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, vyuo vyetu vingi hapa Tanzania hufanya sherehe ileile. Fulana zinachapwa, bango la kaulimbiu linatundikwa, mgeni rasmi anachelewa, kisha mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wenye ulemavu anasimama kusoma risala. Inaanza na shukrani, inapitia mafanikio, halafu zinakuja "changamoto": ngazi, vyoo, wakalimani wa lugha ya alama, mitihani isiyochapwa kwa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Mgeni rasmi anasema amezipokea na uongozi utazifanyia kazi. Makofi, picha ya pamoja, soda. Mwaka unaofuata changamoto ni zilezile. Msomaji ndiye mpya.

Risala ni ombi, hata ukiisoma kwa sauti kali kiasi gani. Na mimi ninayetembelea magongo nimechoka kuona chama cha watu wenye akili zao timamu kikigeuzwa kikundi cha waombaji wenye sare.

Si kwamba vyama hivi havina kazi. Nikiwa chuoni, grupu letu la WhatsApp lilinifundisha mengi kuliko semina yoyote ya ujumuishi. Fikiria grupu lenye viziwi na wasioona pamoja. CR, kiongozi wa darasa, anapiga picha tangazo la ubaoni na kulirusha. Simu ya asiyeona inamsomea neno moja, "picha", basi. Mwenye huruma anajirekodi akilisoma na kutuma sauti. Sasa kiziwi ndiye anabaki anakodolea macho vijistari vya sauti. Tuligombana, tukanuniana, mwishowe ikawa kanuni: ukiweka picha andika kilichomo, ukituma sauti andika ulichosema. Baadaye mmoja wetu mwenye kiti mwendo akaongeza lake: ukitaja ukumbi, taja na ghorofa. Hakuna ofisi iliyotuletea mwongozo huo. Tuliutunga wenyewe kwa sababu kila mmoja alikuwa na la kumbana mwenzake.

Lakini grupu haliwezi kushusha kipindi kutoka ghorofa ya tatu. Hilo linaamuliwa na wanaopanga ratiba, na kwenye kikao chao hayumo hata mmoja anayehesabu ngazi. Yupo waziri wetu, wa wenye ulemavu, kwenye serikali ya wanafunzi, ndiyo, ila aliteuliwa na rais wa wanafunzi, na kila mtu anajua waziri humwangalia nani anapoongea.

Ndiyo maana huwa narejea yaliyotokea Chuo Kikuu cha Gallaudet, Washington, Machi 1988. Chuo hicho kilianza mwaka 1864 kwa ajili ya viziwi, na kwa miaka 124 hakikuwahi kuongozwa na kiziwi. Machi 6 bodi ilikuwa na majina matatu mezani ya kumpata rais, yaani mkuu wa chuo, mawili ya viziwi. Ikamchagua wa tatu, Elisabeth Zinser, anayesikia. Wanafunzi walifunga mageti, wakaegesha mabasi mlangoni na kuyatoa upepo. Hawakuandika risala. Waliweka madai manne: rais awe kiziwi, mwenyekiti wa bodi Jane Spilman ajiuzulu, viziwi wawe asilimia 51 ya bodi, na asiadhibiwe mtu. Ndani ya wiki moja Zinser alijiuzulu, Spilman naye akaondoka, na Machi 13 I. King Jordan akatangazwa rais wa kwanza kiziwi.

Watu hukumbuka dai la kwanza. Mimi la tatu ndilo linanikosesha usingizi. Rais hubadilishwa, anayemchagua ni bodi. Vijana wale waliona mbali kuliko hasira yao.

Berkeley, California, walipitia njia nyingine. Ed Roberts aliingia chuoni mwaka 1962 akiwa amepooza kwa polio, akapewa makazi kwenye hospitali ya chuo kwa sababu mabweni hayakuweza kubeba mashine yake ya kumsaidia kupumua. Wengine wenye hali kama yake wakaletwa hapohapo, na wodi ikageuka kijiwe. Walijiita Rolling Quads, yaani waliopooza wanaokwenda kwa magurudumu. Kufikia 1970 walikuwa na ofisi yao chuoni, ikiwatafutia wenzao wasaidizi na kuwatengenezea viti mwendo. Kwetu spoku ikikatika unakwenda kwa fundi baiskeli, na uombe umkute.

Sishauri mtu atoe mabasi upepo. Kwetu hapa barua ya kusimamishwa masomo ingekuja kabla ya jioni, na mwenye ulemavu akipoteza nafasi ya chuo kuipata tena ni kazi kwelikweli. Lakini kudai nafasi kwenye vikao hakuhitaji geti. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010. Wenzetu Kenya wameandika kabisa kwenye ibara ya 54 ya Katiba yao kwamba angalau asilimia tano ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, utekelezaji ukienda hatua kwa hatua. Hatua hizo zinasuasua, najua. Bado ni namba. Na namba unaweza kumuuliza mtu imefikia wapi. "Tutalifanyia kazi" utaihoji vipi?

Kwa hiyo vyama vya vyuoni viache kuchangisha fulana, vidai mjumbe mwenye kura kwenye kamati tatu: ya ratiba, ya majengo na ya mitihani. Mjumbe achaguliwe na wanachama wenyewe, wala asiteuliwe na mshauri wa wanafunzi. Tarehe nayo imekaa vizuri. Mwaka wa fedha huanza Julai, na bajeti hupikwa miezi kadhaa kabla. Desemba 3 mgeni rasmi akabidhiwe karatasi moja tu yenye gharama: njia mtelezo ngapi, mkalimani kwa saa ngapi, kwa shilingi ngapi. Asaini kuipokea, nakala ibaki kwetu.