Mzigo wa Baba Zuhura

Picha zote za watu wanaosafiri kwa gari-nyumba ni zile zile: mlango wa nyuma uko wazi, nyayo nne zimechungulia kwenye shuka, na mbele yake bahari. Sijaona hata moja yenye choo. Basi mimi nitaanza na choo, maana yaliyotupata Ureno yote yalitokea huko.

Choo cha gari-nyumba kimo ndani ya kabati, na ukitaka kujifunga mlango sharti kwanza uamue goti lipi litabaki nje. Chini ya kiti pana tangi la plastiki la lita 18 hivi. Wenye magari hayo huliita kaseti. Unalitia dawa ya buluu, unaendelea na maisha yako, na siku taa nyekundu inapowaka unazunguka nje, unafungua kijilango ubavuni mwa gari na kulichomoa. Aliyelibuni alikuwa na huruma zake: amelipa magurudumu mawili na mpini wa kuvutia. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni sanduku la msafiri aliyeteremka kwenye ndege sasa hivi. Liweke akilini hilo.

Gari tulilikodi Lisbon. Watoto tuliwaacha Hamburg kwa shangazi yao, na Baba Zuhura akatangaza kwamba hii ni fungate yetu ya pili. Ya kwanza tuliila Tanga, nyumbani kwa mama yake, ukoo mzima na choo kimoja, kwa hiyo sikuona sababu ya kukataa. Tukafuata pwani kwenda kaskazini: Ericeira, Peniche, mpaka Nazaré. Nazaré ndiyo aliyokuwa akiiota yeye. Kazini kwake hawakuwa na mazungumzo mengine ila yule Mjerumani mwenzao, Sebastian Steudtner, aliyeteleza kwa ubao kwenye wimbi la mita 26.21 Oktoba 2020 na kuingia kwenye vitabu vya rekodi. Video ile nimeonyeshwa nikipika, nimeonyeshwa nikiswaki.

Tatizo ni kwamba mawimbi yale huja kuanzia Oktoba, majira ya baridi yakibisha hodi. Sisi tulifika mwanzoni mwa Septemba. Jua lilikuwa kali, bahari imetulia, watoto wanajenga nyumba za mchanga.

"Yako wapi?" nikamuuliza.

"Yanakuja," akasema, na akakunja mikono kuyangoja.

Tulikuwa juu ya Sítio, lile jabali refu lililosimama kama mita 110 juu ya ufuo. Gari letu lilikuwa limepata mahali ambapo ukifungua pazia unaiona Atlantiki yote. Mahali pa namna hiyo kwa mwenye gari-nyumba ni sawa na urithi, hapaachwi. Isitoshe sikukuu ya Bikira Maria wa Nazaré, ambayo ni tarehe 8 Septemba, ilikuwa inakaribia, na kila saa magari yalikuwa yakipita polepole, madereva wakitutumbulia macho waone kama tutaondoka.

Ndipo taa nyekundu ikawaka.

Sasa, sisi tulikuwa na mapatano: haja kubwa ni shughuli ya mkahawani. Nani aliyeyavunja sitasema. Ila mimi usiku ule sikula wali wa kamba na chaza sahani mbili nikaongeza na mchuzi wake.

Jirani yetu, Mholanzi mmoja aliyeshinda kifua wazi, alituelekeza pahala pa kumwagia huko chini mjini. Nikamwambia mume wangu atie moto gari tushuke. Akanitazama utadhani nimemwambia auze shamba la babu yake. Tukitoka, alisema, hatupaoni tena hapa. Atalivuta kwa mkono.

Baba Zuhura ni mtu wa Tanga hasa. Hata taka za jikoni hazipeleki kwenye pipa akiwa na singilendi. "Kama ni kubeba mavi," akasema, "niyabebe kistaarabu." Akavaa shati jeupe la kitani, akalinyoosha kwa viganja, viatu vya ngozi, kofia ya viua aliyoshonewa na mama yake. Akajipulizia manukato. Akalipulizia na tangi. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama, akaona bado linamdhalilisha. Nilipogeuka alikuwa ameshachukua leso yangu, ile ya harusi ya binamu yangu, amelifunga barabara na fundo kalitia juu, karibu na mpini.

"Leso yangu!"

"Nitakununulia doti mbili."

Hizo doti mbili mpaka leo ziko njiani.

Tukaondoka, yeye mbele akivuta mzigo wake juu ya vijiwe vya barabara ya Kireno, rrrr, rrrr, mimi nyuma nikiomba Mungu magurudumu yasing'oke. Pale Sítio pana mnara wa mawe wa kumbukumbu ya Vasco da Gama, ambaye inasimuliwa alikuja kuhiji hapo kwa Bikira Maria kabla ya kuanza safari yake. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, dirisha letu linatazamana na Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga Wareno 1593. Da Gama mwenyewe alifika kwetu Aprili 1498, hatukuelewana, akaenda zake Malindi, ambao mpaka leo wanao mnara wake na hawana haya. Nikausimamia ule wa Nazaré, nikautazama juu mpaka chini, nikamwita mume wangu.

"Baba Zuhura. Tukimwaga hapa hapa, hakuna mtu wa Mombasa atakayetulaumu."

Akaniambia niache siasa, mkono umeanza kumuuma.

Kutoka Sítio kwenda chini kuna kigari cha reli kinachoshushwa na kupandishwa kwa kamba ya chuma, nacho kilianza kazi hiyo 1889. Mteremko wake ukiutazama kupitia kioo cha mbele unasahau dhambi zako zote. Kilikuwa kimejaa. Mtoto mmoja wa Kifaransa hakupata kiti, akakaa juu ya mzigo wetu, akawa anadundadunda. Mama yake akatushukuru. Baba Zuhura akajibu kwa tabasamu la mtu aliyekalisha mtoto juu ya bomu na hajui aanzie wapi kusema.

Chini, karibu na ufuo, nilisimama kidogo. Wanawake wa Nazaré wanaanika samaki pale mchangani, waliopasuliwa na kutandazwa kwenye vichanja vya wavu, na ile harufu ya ng'onda ilinitoa Ureno ikanirudisha nyumbani kabisa. Nilikuwa nauliza bei kwa ishara za vidole. Niligeuka kumwonyesha mume wangu, nikaona mpini wa kaseti una mikono miwili ya watu mbalimbali.

Katika mji ule kina bibi huketi kandokando ya barabara na vibao vya kukodisha vyumba, vimeandikwa kwa lugha nne: Quartos, Rooms, Zimmer, Chambres. Huvaa vile vya jadi, sketi fupi nyingi moja juu ya nyingine, saba kwa desturi, aproni, na kitambaa kichwani. Mmoja wao, mfupi, mwenye vigimbi vya mpanda mlima, alikuwa amemwona mgeni mtanashati, kofia safi, sanduku limefungwa nguo ya maua. Angefikiri nini?

"Zimmer!" alikuwa akisema. Kijerumani chake kilikuwa cha biashara tu: chumba, bahari, na tarakimu. "Zimmer, Meer! Sechzig!"

Sitini.

"Não," akasema mume wangu, kwa adabu.

"Fünfzig."

"Não, não!"

Hamsini ikawa arubaini na tano. Baba Zuhura akazidi kung'ang'ania mpini na kutikisa kichwa, naye bibi akamtazama kwa heshima mpya, ya mfanyabiashara aliyekutana na mnunuzi mgumu. Arubaini. Não! Thelathini na tano, mwisho. Mimi niliyelelewa Marikiti sijawahi kuona bei ikishuka kwa kasi ile na mnunuzi hajui kama ananunua. Kwa kweli nilianza kukihesabia kile chumba.

Hapo mume wangu akakumbuka neno moja ambalo aliamini kila Mzungu analijua. Akaugonga mzigo kwa kiganja, akapaza sauti: "Toilette! Toilette!"

Uso wa bibi ukang'aa. "Toilette, ja! Dusche, ja!" Chumba kina choo chake na bafu lake. Kisha akamtazama vizuri, akaona jasho, akaona anavyokanyagakanyaga, na huruma ikamwingia. Mgeni kabanwa! Akampokonya mzigo, akaingia nao mlango wa pili, na kabla hatujasema bismillahi alikuwa ngazini.

Nyumba ilikuwa nyembamba, ngazi zake zimesimama wima, kuta zimepambwa vigae vya buluu. Bibi alikuwa anapanda kinyumenyume, anakokota. Ngo! Ngo! Ngo! Kila ngazi tangi linapiga, na kila likipiga ndani kunajibu: chubwi. Mume wangu alikuwa nyuma yake na mikono ameinyoosha mbele, tayari kulidaka. Mimi nikabaki ngazi sita chini yao. Mapenzi ni mapenzi, lakini maji hufuata mteremko.

Juu kulikuwa na chumba kizuri kuliko vyote tulivyoviona safari nzima. Dirisha kubwa, bahari, kitanda kipana kilichotandikwa shuka jeupe la kufumwa kwa mkono, bila shaka na yeye mwenyewe. Na juu ya shuka hilo, taratibu, akalilaza tangi letu.

Chubwi.

Bibi akatulia. Akaliinamia, akalitikisa kidogo, akasikiliza. Akamwinulia mume wangu nyusi, akacheka kwa kumwelewa. "Vinho?"

Baba Zuhura alikuwa ameshajitolea kuitikia kila kitu ilimradi yaishe. Akaitikia kwa kichwa. Bibi akapiga makofi, akatoka mbio, tukasikia kabati linafunguliwa na vyombo vinagongana.

"Kasema nini?" akaniuliza.

"Kasema mvinyo."

Sijawahi kumwona vile. Mtu aliyekuwa amevumilia mtoto kudunda juu ya kaseti, aliyevumilia ngazi zile, sasa macho yamemtoka. "Pombe? Mimi? Mama Zuhura, mwambie si pombe! Mwambie ni mavi!"

"Mwambie wewe, ndiye uliyeitikia."

Bibi akarudi na bilauri tatu. Akazipanga kwenye meza ndogo, akazifuta moja moja kwa pembe ya aproni, kisha akaenda kitandani, akafungua fundo la leso. Mume wangu akaruka, "Não! Não!", lakini não zake zilikuwa zimeshapoteza thamani sokoni. Bibi akaona mfuniko. Akainamisha pua, kama mtu anayejua mvinyo mzuri huanza kwa kunuswa, akauzungusha nusu tu.

Kumbuka lile jua. Kumbuka ngazi. Kaseti iliyotikiswa ikiwa na joto hujaa hewa, na hewa ile ilikuwa inangoja kufunguliwa.

Fyuuuu.

Tone halikutoka, nashuhudia. Ilitoka pumzi tu: dawa ya buluu, manukato ya mume wangu, wali wa kamba, na historia yetu yote tangu Peniche. Bibi akafunga mfuniko bila haraka. Akarudisha fundo la leso, akalikaza. Akamtazama Baba Zuhura kuanzia kofia ya viua mpaka viatu vya ngozi.

"Toilette," akasema.

"Toilette," akajibu mume wangu, kwa sauti ya chini.

Nilidhani tutatukanwa. Badala yake yule bibi alikaa kwenye kiti, akaanza kutikisika, sketi zote saba zikatikisika naye, na kile kicheko kilipopata njia kilisikika ufuoni. Akajikokota mpaka dirishani, akawaita wenzake wenye vibao, akawaeleza kwa mikono: sanduku, ngazi, bilauri, pua. Nilimwelewa kila neno. Baba Zuhura alipotoka mlangoni na mzigo wake, barabara nzima ilisimama kumpisha, na bibi mmoja akamwinulia bilauri isiyo na kitu.

Alipokwenda kumwaga mimi sikumfuata. Niliingia kwenye lile bafu, nikafungua maji ya moto, nikanyoosha mikono yote miwili bila kugusa ukuta. Aliporudi, kaseti tupu mkononi, nilikuwa nimeshaamua. Gari libaki na Atlantiki yake huko juu, mimi usiku huu nalala hapa.

Nikamuuliza bibi kama ile thelathini na tano bado ipo.

Akakitazama kitanda. Akalipapasa shuka lake la kufuma, pale tangi lilipolala. Akamtazama mume wangu.

"Sechzig."

Baba Zuhura akafungua mdomo aseme não. Nikamkanyaga.