Barua ya sifa isiyo na sifa

Kisumu, anayemwandikia mtu barua ya kazi bila kummwagia sifa huonekana mchoyo. Mzee mwenye karakana pale Kibuye akiandika kwamba kijana amechomelea mageti na madirisha kwa miaka miwili, akipima mwenyewe na kukata vyuma mwenyewe, kijana ataisoma mara mbili kisha aulize: "Mzee, mbona hujasema mimi ni mchapakazi?" Anataka ile barua iliyozoeleka: mchapakazi, mwaminifu, mnyenyekevu, mwenye nidhamu.

Namwelewa. Huku kwetu kujisifu si aibu. Kwenye pakruok, desturi ya Waluo ya kujisifu ngomani, mtu hulipa pesa muziki usimame ili ajitape mbele ya watu. Tena mwajiri hatafuti fundi tu, anatafuta mtu wa kuachiwa duka. Chifu au mchungaji anayeombwa barua naye hajawahi kuiona kazi ya kijana, kwa hiyo ushahidi alio nao ni wa tabia peke yake.

Lakini yule mzee anaonewa. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchunguzi wa barua zaidi ya 300 zilizowapendekeza madaktari kufundisha katika chuo kimoja kikubwa cha udaktari nchini Marekani. Wanaume walitajiwa utafiti wao, wanawake wakatajiwa ualimu wao na bidii yao. Barua zenye maneno ya kumtilia shaka anayependekezwa zilikuwa nyingi zaidi upande wa wanawake. Na hizo ni barua za watu waliopata kazi! Walioziandika walidhani wanasaidia.

Ndiyo maana sifa ya bidii hunitia wasiwasi. Inasema mtu alitoka jasho, haisemi alitoa nini. Msichana wa saluni anayesuka kuliko hata mwenye saluni ataandikiwa kuwa ni mpole, msafi, mwenye heshima. Mvulana wa kinyozi mlango wa pili ataandikiwa kuwa ni mbunifu, ana maono. Tawi jipya likifunguliwa, nani ataitwa kulisimamia? Hakuna aliyemsema vibaya yule msichana. Amesifiwa hadi akabaki palepale.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo imeyatenganisha mambo haya. Kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri atoe cheti chenye majina, tarehe ya kuanza na ya kuacha, aina ya kazi na mahali ilipofanyiwa. Kuhusu tabia na utendaji, halazimiki kuandika hata neno moja. Kwa hiyo mzee wetu, pamoja na ukavu wake, ametoa zaidi ya anachodaiwa.

Na ukavu huo una faida. Mwajiri wa Nakuru asiyemjua mzee hana namna ya kulipima neno "mwaminifu", maana amelikuta kwenye kila bahasha mezani. Akisoma kwamba kijana alishika funguo za stoo na kupeleka pesa benki kila Jumamosi, hilo anaweza kupiga simu akaliuliza.

Wanaobaki ni vibarua. Aliyefanya kazi chini ya wiki nne mfululizo hata hicho cheti sheria haimpi, wala hana geti la kumwonyesha mtu. Huyo mwandikieni tu kuwa ni mwaminifu, na namba ya simu ya aliyemwajiri iwekwe chini.